Tablo la Méduse: nakala ya mkono inayobeba ukumbusho wa walioachwa baharini

Katika mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, jumba la makumbusho la Picardie linatunza tablo moja kubwa kupita ukuta wa nyumba nyingi: karibu mita 5 kwenda juu na zaidi ya mita 7 kwa upana. Ndani yake, watu wamerundikana juu ya mbao katikati ya bahari. Wengine wamekufa. Wengine wanainuka kwa nguvu zao za mwisho na kupunga vitambaa.

Mtu aliyewahi kuona picha hiyo katika kitabu cha shule angeapa kwamba yuko mbele ya "Le Radeau de la Méduse", kazi ya Mfaransa Théodore Géricault. Angekosea. Tablo la Géricault liko Paris, katika jumba la Louvre. Lile la Amiens ni nakala. Lilichorwa kwa mkono, mwaka 1859 na 1860, na wachoraji wawili ambao watu wachache wanakumbuka majina yao: Pierre-Désiré Guillemet na Étienne-Antoine-Eugène Ronjat.

Kwa kawaida nakala inahesabiwa kuwa kitu cha bei ndogo, kitu cha kuning'iniza nyumbani wakati asili haipatikani. Kwa tablo hili mambo ni tofauti. Asili ya Paris inaendelea kuwa nyeusi mwaka kwa mwaka, na hakuna fundi anayeweza kuirudisha ilivyokuwa. Pamoja na rangi zake, kuna hatari ya kupotea pia nyuso za watu ambao wakubwa wa inchi yao waliwaacha wafe kwenye pwani ya Afrika.

Kapiteni asiyejua bahari

Habari yenyewe ilianza tarehe 17 mwezi wa sita 1816. Siku hiyo meli ya kivita Méduse iliondoka upande wa Rochefort, magharibi mwa Ufaransa, ikiongoza meli nyingine tatu. Ilikuwa inaelekea Saint-Louis, Senegal. Baada ya vita vya Napoléon, Uingereza ilikuwa imekubali kuirudishia Ufaransa koloni hilo, na ndani ya Méduse alikuwemo gavana mpya, Julien Schmaltz, pamoja na askari, wafanyakazi wa leta na mabaharia. Wote pamoja walikuwa karibu watu 400.

Kapiteni aliitwa Hugues Duroy de Chaumareys. Alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, na kwa miaka kama 20 alikuwa hajafanya kazi baharini hata kidogo. Alipewa meli kwa sababu alikuwa upande wa mfalme Louis XVIII, ambaye alikuwa amerudi kwenye kiti. Maofisa waliojua kazi hiyo vizuri walikuwa wamemtumikia Napoléon, na wakati huo hawakuaminiwa tena.

Méduse ilikuwa na mwendo wa haraka kuliko meli nyingine tatu, na kapiteni alikubali kuziacha nyuma. Tarehe 2 mwezi wa saba, meli ilipanda juu ya mchanga wa Arguin, mbali kidogo na pwani ya Moritania ya leo. Mchanga huo ulikuwa unajulikana na ulikuwa umeandikwa kwenye ramani.

Kwa siku kadhaa walijaribu kuinasua meli bila kufaulu. Ndipo tatizo la pili lilipoonekana: boti za kuokolea watu zilikuwa 6 tu, hazikutosha watu wote. Mafundi wakatengeneza chelezo, maana yake nguzo za meli na mbao zilizofungwa pamoja kwa kamba, chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 7. Mpango ulikuwa kwamba boti zingekivuta hadi inchi kavu.

Tarehe 5 mwezi wa saba waliiacha meli. Kapiteni na gavana walipata nafasi kwenye boti. Wanaume 146 na mwanamke mmoja walipandishwa kwenye chelezo. Hiyo ndiyo hesabu inayotajwa mara nyingi, ingawa kuna wanaosema walikuwa zaidi ya 150. Watu 17 walibaki ndani ya meli. Chelezo kilipojaa, kilizama kiasi kwamba watu walisimama ndani ya maji hadi kiunoni.

Baada ya mwendo mfupi, kamba zilizokuwa zinakivuta ziliachwa. Boti zikaendelea na safari. Watu wa chelezo wakabaki peke yao, bila chombo cha kuwaongoza, wakitazama wakubwa wao wanakwenda.

Siku 13 juu ya maji

Chakula chao kilikuwa mfuko mmoja wa biskwiti, ambao uliisha siku ya kwanza. Walikuwa na mapipa mawili ya maji, ambayo yalitumbukia baharini wakati wa mapigano, na mapipa machache ya divai.

Usiku wa kwanza watu kama 20 walipotea. Fasi ya katikati tu ndiyo ilikuwa na usalama kidogo, na wengi walikufa wakipigania kuifikia, au walibebwa na mawimbi. Siku ya nne walibaki 67. Njaa ilikuwa imezidi, na baadhi yao walianza kula nyama ya waliokufa. Siku ya nane, wenye nguvu waliwatupa baharini wagonjwa na wenye vidonda ili divai iliyobaki isiishe upesi. Walibaki 15.

Tarehe 17 mwezi wa saba, mmoja wao aliona mlingoti wa meli mbali kabisa. Ilikuwa Argus, mojawapo ya zile meli tatu zilizoachwa nyuma. Walipanda juu ya mapipa, wakapunga vitambaa. Meli ikapotea machoni. Wengi walilala chini wakingoja kufa. Baada ya kama saa mbili, Argus ilirudi na kuwakuta. Kati ya hao 15, watano walikufa muda mfupi baada ya kufikishwa nchi kavu.

Katika wale 17 waliobaki ndani ya Méduse, watatu tu walikutwa hai, zaidi ya siku 50 baadaye.

Leta ilinyamaza, gazeti likasema

Viongozi wa Ufaransa walitaka jambo hili lisizungumzwe. Lakini mmoja wa waliopona, munganga Henri Savigny, alikuwa ameandika ripoti kwa wakubwa wake wa jeshi la majini. Ripoti ile ilifika mikononi mwa waandishi, na tarehe 13 mwezi wa tisa 1816 gazeti la Journal des débats liliitoa. Paris yote ikajua.

Mwaka 1817 Savigny na mwenzake Alexandre Corréard, fundi wa ramani aliyekuwa naye kwenye chelezo, walitoa kitabu. Kilisomwa sana na kutafsiriwa katika lugha nyingine. Corréard alifungua duka la vitabu Paris na kulipa jina la mtu aliyezama na Méduse, ili kila mpita njia akumbuke.

Kapiteni de Chaumareys alipelekwa mbele ya tribinali ya kijeshi mwaka huo huo. Kosa lake lingeweza kumletea hukumu ya kifo. Alipewa kifungo cha miaka 3.

Kijana aliyetaka kuona kila kitu

Théodore Géricault alizaliwa Rouen mwaka 1791. Aliposhika habari ya Méduse alikuwa bado hajafika miaka 30, na hakuna aliyekuwa amemwomba achore tablo hilo. Wakati ule tablo kubwa namna hiyo lilikuwa la wafalme, majenerali na watakatifu. Yeye aliamua kuwapa ukubwa huo watu walioachwa.

Alifanya kazi yake kama mpelelezi. Aliwatafuta Savigny na Corréard, akawasikiliza. Alimpata seremala aliyekuwa kwenye chelezo, ambaye alimtengenezea mfano mdogo wa chelezo kile. Alikwenda kwenye hospitali ya Beaujon kutazama wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa, akachora maiti ili ajue rangi ya ngozi inavyobadilika. Alinyoa kichwa chake ili asishawishike kwenda kustarehe mjini, akajifungia kwenye chumba cha kazi kwa miezi mingi. Rafiki yake Eugène Delacroix, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mkubwa, alilala chini ili achorwe kama mmoja wa wafu.

Aliacha kuchora mapigano, aliacha kuchora wale waliokula wenzao. Alichagua ile saa moja ambapo Argus ilionekana mbali na kupotea. Kwenye tablo meli hiyo ni ndogo sana, kidoa tu kwenye mstari wa bahari. Miili yote inapanda kuelekea kidoa hicho, kuanzia maiti zilizo chini hadi mtu mmoja aliye juu kabisa, anayepunga kitambaa.

Mtu huyo ni mweusi.

Joseph, mtu wa juu kabisa

Katika kazi hiyo Géricault alitumia mtu aliyeitwa Joseph, aliyezaliwa Saint-Domingue, kisiwa ambacho upande wake mmoja ndiyo Haiti ya leo. Aliishi Paris kwa kulipwa na wachoraji ili wamchore. Jina lake la ukoo halikuandikwa popote pa kujulikana. Mwishoni mwa karne ya 18, watumwa wengi waliopelekwa Saint-Domingue walitoka upande wa Kongo na Angola.

Kati ya watu wa chelezo kulikuwa na askari mweusi, Jean-Charles. Lakini Géricault alifanya zaidi ya kuhesabu waliokuwepo: alichora watu weusi watatu, na mmoja akamweka juu ya wote. Wakati ule Ufaransa ilikuwa bado na watumwa katika makoloni yake. Utumwa huo ulikomeshwa mwaka 1848, karibu miaka 30 baada ya tablo kuonyeshwa. Kabla ya kufa, Géricault alikuwa ameanza michoro ya tablo jingine kubwa, kuhusu biashara ya watumwa. Hakulimaliza.

Mwaka 2019 jumba la Orsay, Paris, liliandaa maonyesho makubwa juu ya watu weusi waliochorwa na Wafaransa, kuanzia Géricault hadi Matisse. Joseph alikuwa mmoja wa watu ambao wageni waliitwa kuwatazama tena, safari hii wakiitwa kwa majina yao.

Rangi inayojila yenyewe

Tablo lilionyeshwa Paris mwaka 1819. Kwenye kitabu cha maonyesho liliandikwa tu "Scène de naufrage", yaani habari ya meli kuzama, bila kutaja Méduse. Haikusaidia kitu: kila mtu alielewa.

Lakini tablo lilikuwa limezaliwa na ugonjwa. Ili kupata kivuli kizito na chenye joto, Géricault alitumia rangi yenye lami, jamaa ya gudroni inayowekwa kwenye barabara zetu. Wachoraji wengi wa wakati ule waliipenda. Ikiwa mpya, inatoa rangi ya kahawia inayong'aa ambayo rangi nyingine haiwezi kuitoa.

Shida ni kwamba lami haikauki kabisa. Inaendelea kusogea chini ya rangi nyingine, inajikunja, inapasuka na kuacha mikunjo kama ngozi ya mamba. Tena inakuwa nyeusi, na weusi huo hauko juu kama vumbi linaloweza kufutwa. Uko ndani ya rangi yenyewe. Fundi akijaribu kuutoa, atatoa na tablo.

Ndiyo sababu leo, katika sehemu kubwa za tablo la Louvre, mtu anatazama na haoni vizuri. Mikono na nguo zilizochorwa kwa kazi ya miezi mingi zinazama katika giza.

Géricault hakuishi kuona mwisho wa jambo hilo. Alikufa tarehe 26 mwezi wa kwanza 1824, akiwa na miaka 32. Louvre ilipata tablo lake mwaka huo huo.

Wachoraji wawili mbele ya mita 35 za mraba

Mwaka 1859 Louvre iliwapa Guillemet na Ronjat kazi ya kutengeneza nakala yenye ukubwa sawa na asili. Lengo lilikuwa kwamba majumba mengine yakiomba tablo kwa ajili ya maonyesho, itumwe nakala, na asili isisumbuliwe.

Kupiga fotografia kulikuwa kumekwisha kuanza wakati ule, lakini picha zilikuwa za nyeusi na nyeupe, tena ndogo. Aliyetaka rangi alihitaji mkono wa mtu.

Njia ya kawaida ya kunakili tablo kubwa ni ngumu kwa mwili, lakini inaeleweka kwa urahisi. Mchoraji anagawa asili katika miraba, kwa nyuzi au kwa kipimo, na kuchora miraba hiyo hiyo kwenye kitambaa kipya. Kila mraba unahamishwa peke yake kwa mkaa, ili goti lisihame kutoka fasi yake na mkono usirefuke. Baadaye zinakuja rangi za chini, kisha vivuli, na mwishoni mwangaza. Rangi ya mafuta inakauka polepole, kwa hiyo mtu anafanya kidogo, anangoja, anarudi. Anapanda ngazi, anaweka rangi, anashuka, anarudi nyuma hatua nyingi kutazama, anapanda tena.

Kwa wawili kuna ugumu mwingine. Kila mchoraji ana mkono wake, kama vile kila mtu ana mwandiko wake. Katika nakala ya mita 35 za mraba, mtazamaji hapaswi kujua mkono wa mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Na mikono yote miwili inapaswa kujificha nyuma ya mkono wa mtu wa tatu, aliyekufa zamani.

Hapo ndipo nakala ya Amiens inapopata thamani yake. Haionyeshi tablo jinsi lilivyotoka mikononi mwa Géricault, kwa sababu mwaka 1859 asili ilikuwa imekwisha kufikisha miaka 40. Lakini inaonyesha jinsi watu wawili wenye macho ya kazi walivyoliona wakati giza lilikuwa halijafika lilipofika leo. Fotografia bora ya siku hizi haiwezi kufanya hivyo: inapiga tu kile kilichobaki.

Baada ya kazi hiyo Guillemet alihamia Istanbul, ambako alifungua shule ya uchoraji na kufia huko mwaka 1878. Katika vitabu vingi Guillemet na Ronjat wanatajwa kwa mstari mmoja tu.

Nakala zilizosafiri kuliko asili

Nakala ya Amiens si ya kwanza. Mwaka 1820 Géricault mwenyewe alipeleka tablo lake London, ambako watu karibu 40,000 walilipa ili kulitazama. Mwaka 1821 lilipelekwa Dublin, na huko mambo yalikwenda vibaya. Watu wengine walikuwa wameleta mjini picha ndefu ya kitambaa, yenye habari hiyo hiyo ya Méduse, inayosogea mbele ya watazamaji huku muziki ukipigwa. Wakaaji wa Dublin walikimbilia picha ile inayotembea, na tablo la Géricault likakosa wageni.

Katika miaka iliyofuata Mmarekani George Cooke alichora nakala ndogo zaidi na kuipeleka Marekani. Ilionyeshwa Boston, Philadelphia, New York na Washington. Hapo watu ambao hawangeweza kufika Paris walijua habari ya kapiteni aliyeacha watu wake. Baadaye nakala hiyo iliingia katika ghala la shirika la historia la New York ikiwa imeandikwa jina la mchoraji mwingine. Kosa hilo liligunduliwa mwaka 2006.

Mwaka 1939, vita ya pili ya dunia ilipoanza, Louvre ilificha mali zake. Matablo mengine makubwa yaliweza kuviringishwa kama mkeka. La Géricault halikuweza, kwa sababu ya lami ile ile: rangi ingevunjika. Lilipandishwa likiwa wazima juu ya gari kubwa lililokuwa linabeba mapambo ya jukwaa la Comédie-Française. Huko Versailles lilikuwa refu mno, likanasa kwenye nyaya za umeme za tramu, cheche zikaruka. Baadaye lilifichwa katika jumba la Chambord hadi mwisho wa vita. Safari ile iliwaonyesha Wafaransa kwamba asili moja peke yake ni kitu kinachoweza kupotea usiku mmoja.

Nakala na uongo ni vitu viwili

Watu wengi wanachanganya nakala na kazi ya kughushi. Mwenye kughushi anataka mnunuzi adanganyike. Mwenye kunakili anasema wazi: hii ni kazi ya fulani, mimi nimeifuata.

Louvre imeruhusu wachoraji kunakili tangu ilipofunguliwa mwaka 1793. Édouard Manet na Edgar Degas walijifunza kwa njia hiyo. Hata leo watu wanapewa ruhusa ya kusimama na rangi zao mbele ya matablo, lakini kuna sheria. Nakala lazima iwe kubwa au ndogo kuliko asili kwa angalau moja ya tano, na ni marufuku kuiga sahihi ya mchoraji wa kwanza. Guillemet na Ronjat walifanya kwa ukubwa sawa kwa sababu jumba lenyewe ndilo lililowatuma.

Wakongo hawahitaji kufundishwa jambo hili. Katika miaka ya 1970, Lubumbashi na miji mingine ya Katanga, wachoraji walikuwa wanachora mada moja mara nyingi kadiri wanunuzi walivyoomba. Tablo la "Colonie belge", lenye askari, mfungwa anayepigwa fimbo na Mzungu anayetazama, lilining'inia katika nyumba nyingi. Hakuna mwenye nyumba aliyeuliza lipi lilikuwa la kwanza. Alitaka kwamba watoto wake, wakikaa sebuleni, waulize ni nini kile, na wazee wapate nafasi ya kueleza.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyechora historia ya Zaïre katika matablo zaidi ya 100, alieleza kazi yake kwa Kiswahili. Matablo ya namna hiyo yalikuwa na jina: ukumbusho.

Nani anahesabu waliozama?

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu, Uvira au Kalemie, habari ya Méduse haiko mbali sana. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuja kupokea jamaa zao. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi. Hapo pia hesabu za waliopanda na za waliokufa zilitofautiana, na familia zilibaki zikitafuta majina.

Mabaki ya Méduse yenyewe yalipatikana mwaka 1980 chini ya maji ya Moritania. Mchanga wa Arguin uliopasua meli ile leo ni sehemu ya mbuga inayolindwa, iliyowekwa na UNESCO kwenye orodha ya mali ya dunia mwaka 1989. Kwa waliotupwa baharini hakuna kaburi.

Wana tablo. Kwa kweli wana matablo mawili, moja linazama polepole katika weusi wake, na jingine lilichorwa na wachoraji wawili waliosimama mbele ya la kwanza wakati mambo mengi yalikuwa bado yanaonekana. Amiens iko umbali wa kilomita kama 120 kutoka Paris. Siku giza likimfikia Joseph na kitambaa chake katika Louvre, atakayetaka kujua mtu yule alikuwa anapunga kuelekea wapi atapanda treni na kwenda kuuliza nakala.